Hivi hizi tafiti za kunyanyua vyuma walipimwa akina nani? Mbona wateja wangu siwaoni humo

#1 ZegeLaKopo
Wakuu salaam.

Nina jimu ya uani huku Mbagala. Vyuma vingi ni vya zege, makopo ya rangi na bomba la maji. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa mabaunsa na vijana wa bodaboda, sikuwa naumiza kichwa: seti 3 za mara 10 (nyanyua mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu), siku tatu kwa wiki, mtu anajaza misuli anakwenda zake.

Mwaka huu wamekuja watu wa aina nyingine. Mama wa miaka 58 ambaye daktari kamwambia aanze mazoezi ya nguvu kwa sababu ya sukari. Dada wawili wanaouza samaki Feri. Mzee mstaafu ambaye kiti kikiwa kifupi hanyanyuki mpaka ashikwe mkono.

Nikaona nisibahatishe miili ya watu. Mpwa wangu yuko chuo, akanipakulia tafiti, tukakaa usiku yeye anasoma mimi nauliza. Kila nikiuliza "hapo walipimwa akina nani?" jibu ni lile lile: vijana wa kiume kumi na kitu, wanafunzi wa chuo, miaka ishirini na ushee, afya tele. Tumefungua nyingi, mama wa 58 nimemkosa.

Sasa hizi namba ninazogawa zinamhusu nani? Mimi nasema wazungu wanajipima wenyewe halafu wanatutangazia dunia nzima. Wenye kujua njooni. Nawasilisha.

#2 Kipara_Ngoto
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 BaunsaMstaafu
Misuli ni misuli mkuu. Ongeza uzito, kula, lala. Kijana wa Manzese anashusha magunia toka alfajiri na kifua kama mlango, nani alimsomea utafiti?

#4 Bi_Mizani
BaunsaMstaafu, kaulizia mama wa 58, wewe unamletea kijana wa magunia. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo.

Mleta uzi, kabla hujawafikia wazungu anza na wanawake. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliopitia tafiti 5,261 za michezo na mazoezi, za 2014 mpaka 2020. Wanawake walikuwa 6% tu! Hata hao wazungu wa kike hawamo.

#5 Fundi_Viungo
Dada Bi_Mizani, nakusahihisha kidogo. Hiyo 6% ni tafiti zilizopima wanawake peke yao. Zilizopima wanaume peke yao zilikuwa 31%, zilizobaki zilichanganya. Ukihesabu vichwa, wanawake ni 34%. Uchambuzi mwingine wa 2014, wa tafiti 1,382, ulipata 39%. Kwa hiyo wamo, ila wamo kama wageni waliokuja na mtu shughulini.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na hapa kwenye seti 3 za 10 kuna kisa. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa na askari majeruhi kwenye hospitali ya jeshi Chicago, wengi wao magoti. Badala ya kuwapumzisha akawapa uzito mkubwa, seti 7 mpaka 10 za mara 10. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins wakaona zimezidi, wakashusha mpaka 3: ya kwanza nusu ya uzito, ya pili robo tatu, ya tatu uzito wenyewe. Dawa ya magoti ya askari vijana ikatembea dunia nzima mpaka ikafika Mbagala kwa muuza samaki.

Haina maana kwamba ni mbaya. Inafanya kazi. Ila ujue ilikotoka.

#6 ZegeLaKopo
Kumbe nagawa dozi ya askari! Asante Fundi. Endeleeni wakuu.

#7 Nyar_Dunga
Hamjambo wadau, mimi niko Kisumu. Msiseme hatujawahi kupimwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa utafiti wa akina mama wa Kijaluo na Kikuyu. Mjaluo anabeba kichwani, Mkikuyu anabeba mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso. Wakatembezwa huku wanapimwa pumzi, ikaonekana mzigo mpaka 20% ya uzito wa mwili hauongezi hata kidogo nguvu wanazotumia. Yaani bure kabisa. Na mmoja wa watafiti, Maloiy, ni Mkenya. Nyanya yangu alikuwa anatoa ndoo ziwani akiimba, hahemi.

#8 Kipara_Ngoto
Nyanya anaimba? Huku kwetu nyanya tunaweka kwenye mchuzi.

#9 Nyar_Dunga
#8 Bibi basi. Kiswahili ni chenu, mchukue.

#10 Fundi_Viungo
Huo wa 1986 ni maarufu, lakini akina mama wenyewe walikuwa wachache tu. Mwaka 2010 watafiti Afrika Kusini wakajaribu kwa wanawake wa Kixhosa, kichwani na mgongoni. Hawakuiona hiyo "bure". Wapo wachache waliobeba kwa unafuu, wengine walitumia nguvu kama mtu yeyote, na shingo zinauma.

#11 Nyar_Dunga
Shingo ya Mjaluo usiipime kwa Mxhosa bwana.

#12 Bi_Mizani
Haya, tumefika. Mnalalamika kwamba kijana wa chuo Ulaya anawakilisha dunia nzima, hapo hapo mnataka akina mama wachache wa Kenya wawakilishe Afrika nzima.

Halafu angalieni kitu kingine. Mwanamke wa Kiafrika akipimwa anapimwa akibeba ndoo. Mwanaume wa Kizungu anapimwa akijenga kifua. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamepimwa wanavyotembea, wanavyochuchumaa, nguvu wanazochoma kwa siku, yote. Tunapimwa tulivyo. Nani kampa Mhadzabe chuma wiki 12 aone anavyobadilika?

#13 BaunsaMstaafu
Mhadzabe chuma cha nini wakati ana upinde?

#14 Dokta_Kijiweni
Wakuu mnazunguka. Sababu ni jeni. Kuna jeni inaitwa ACTN3, ndiyo ya nguvu za ghafla. Sisi wote tunayo nzima, wao nusu hawana. Kwa hiyo tafiti zao hazituhusu hata moja, sisi tunajaza haraka. Mada imefungwa.

#15 Fundi_Viungo
Haijafungwa. Jeni hiyo ipo, na tofauti unayosema ipo, ila umeipandisha bei. Wanaokosa kabisa protini inayotengenezwa na jeni hiyo kwenye misuli ya kasi ni karibu 18% ya watu wa asili ya Ulaya, si nusu. Utafiti wa 2007 kwa Wakenya ulipata karibu 1%, Wanigeria hakuna, Waethiopia karibu 11%. Sasa niambie "sisi" ni akina nani hapo, maana Mwethiopia na Mkenya ni majirani. Na athari yake kwa anayeanza vyuma ni ndogo. Mteja wa mleta uzi atapata tofauti kubwa zaidi akilala kwa muda wa saa nane kila usiku kuliko akibadilishiwa babu.

#16 Dokta_Kijiweni
Sawa, lakini hoja yangu imesimama.

#17 Kipara_Ngoto
Imesimama kwa mguu mmoja.

#18 Korido_ya_Tatu
Nimepita kimya ila hapa lazima niseme. Nilisoma uzamili wa sayansi ya michezo Ulaya, chuo sikitaji, na nilikuwa msaidizi wa maabara. Wala si njama. Ni uvivu na bajeti.

Profesa ana pesa kidogo na miezi michache. Tangazo linabandikwa kwenye korido, ghorofa ya tatu, mlango wa pili kutoka maabara. Nani anapita pale? Wanafunzi wa elimu ya viungo. Wiki 12, mara tatu, ni safari 36 bila malipo, au ya vocha tu. Anayeweza ni kijana anayeishi bweni la jirani. Mama mwenye watoto akikosa mara tano anaondolewa kwenye hesabu. Tulimpata mama mmoja mfanya usafi wa jengo letu, alitaka sana, zamu zake zikagongana na saa za maabara. Hakuandikwa popote kwamba alitaka.

Wanawake wakija wanaulizwa siku zao, vidonge, sindano ya uzazi. Ukitaka kufanya kwa usahihi upime homoni, na kila kipimo cha damu ni pesa. Bosi wangu alitatua kwa sentensi moja: "Tuchukue wanaume, data itakuwa safi." Safi!

Na kuna lile sharti la "asiwe mzoefu wa mazoezi". Kule lina maana ya mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima. Muuza samaki wa Feri anaingia wapi? Hajawahi kushika chuma, lakini kila alfajiri anabeba beseni. Si mzoefu, si asiye mzoefu. Fomu haina kisanduku chake.

#19 ZegeLaKopo
#18 umenigusa. Yule dada mmoja siku ya kwanza aliniambia, "Kaka, mimi nabeba beseni toka niko darasa la sita, wewe unanipa kikopo?" Nikampa cha pili. Akacheka. Kwenye miguu kweli ananishinda mimi, lakini kumwambia avute kitu kuja kifuani, hana kabisa. Nikabaki sijui nimuandike mwanzo au mzoefu.

#20 Mama_Kilosa
Mzigo wa sheria mmeusahau. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa. Mpaka 1993 ndipo sheria ikaja kulazimisha tafiti za wagonjwa zinazolipiwa na taasisi ya afya ya taifa zichukue wanawake na watu wa jamii ndogo. Mazoea ya miaka hiyo yote hayaishi kwa karatasi.

#21 BaunsaMstaafu
Hiyo ni dawa mama, siyo kopo la zege.

#22 Mama_Kilosa
Mwanangu, waliosomeshwa wakati ule ndio maprofesa wa leo. Tabia inahama na mwalimu.

#23 Mpemba_Maskati
Asalaam aleikum. Miye niko Maskati, nabeba chuma miaka sita. Mwezi wa Ramadhani kila mtu ana fatwa yake jimu: funga misuli inaisha, usifanye, fanya usiku. Watunisia ndio waliotusaidia. Mwaka 2013 walichukua wajenga mwili 16, nusu wakafanya mazoezi wamefunga, nusu baada ya futari. Mwisho wa mwezi miili haikupishana kwa kitu cha maana. Alhamdulillahi nikatulia.

Lakini wote 16 wanaume. Wallahi mke wangu kaniuliza: na anayesimama jikoni akipika futari ya watu tisa saa hiyo hiyo ya mazoezi, kapimwa na nani? Sikuwa na jibu, nikaosha vyombo.

#24 Kipara_Ngoto
Uliosha kweli?

#25 Mpemba_Maskati
Sahani mbili.

#26 Mzee_Pangani
Vijana, nina miaka 71, na mimi naona mnawasingizia maprofesa peke yao. Sisi wenyewe tulikuwa tunakimbia. Utotoni kwetu gari geni likisimama jioni tunaingia uvunguni, mumiani hao, wanakuja kunyonya damu. Hata miaka ya karibuni walipita watu wa afya wanataka kupima vidole na damu kidogo, nusu ya mtaa ikawa ghafla ina safari ya shamba. Na waliokubali hawakurudishiwa majibu. Utapenda kupimwa mara ya pili?

Na swali langu la pili: mzee kama mimi kubeba chuma si ndiyo kuvunja mgongo?

#27 Fundi_Viungo
Shikamoo mzee. Hapo nina habari njema. Mwaka 1990 huko Boston daktari Maria Fiatarone aliwachukua wazee 10 wa nyumba ya wazee, umri wa karibu miaka 90, dhaifu. Akawapa mazoezi ya mapaja, uzito mkubwa siyo wa kubembeleza, wiki 8. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa 174%, na kutembea kukaboreka. Mwaka 1994 akarudia kwa watu 100, matokeo yakaenda upande ule ule.

Kwa hiyo waliosahauliwa wakipimwa, mara nyingi wanawashangaza waliowasahau. Wanawake pia: uchambuzi wa 2020 uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha misuli yao inakua kwa kiwango sawa na wanaume ukilinganisha na walikoanzia, na nguvu za mikono wanaongeza hata zaidi. Anza na mtu wa kukusimamia na pima presha kwanza.

#28 Mzee_Pangani
Marahaba. Wazee 10 wa Boston lakini. Walikula nini?

#29 Bi_Mizani
Mzee kauliza swali kuliko sisi wote.

Ile namba maarufu ya protini, gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, ilitoka kwenye uchambuzi wa 2018: tafiti 49, watu 1,863. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112 kwa siku. Ukila mayai peke yake ni kama 18 na zaidi. Kwa waliopimwa, wengi wao vijana wa nchi ambazo maziwa yamejaa friji, hiyo ni kuongeza kikombe kimoja cha unga wa protini. Kwa mama anayekula ugali na mchicha ni kubadilisha maisha ya nyumba nzima. Na hapo ndipo sijui: je, aliyeanzia chini sana ananufaika zaidi kwa kila gramu, au hajengi kabisa mpaka afike kiwango? Hatujapimwa tukiwa huko chini.

#30 BaunsaMstaafu
Supu ya kongoro. Kila siku. Kesi imekwisha.

#31 Nyar_Dunga
Omena na maharagwe, kongoro mafuta matupu.

#32 Kipara_Ngoto
Omena ndiyo nini, dagaa? Mkianza ya dagaa na kongoro uzi huu utafika kurasa 40.

#33 Korido_ya_Tatu
Niongeze jambo litakalowaudhi wote. Mwaka 2005 kuna utafiti ulichukua watu 585, wanawake 342 na wanaume 243, miaka 18 mpaka 40. Wote walifanyia mazoezi mkono mmoja tu, programu moja, wiki 12. Kuna mtu misuli yake ilipungua 2%, na mwingine ikaongezeka 59%. Nguvu: kuna aliyepata sifuri na kuna aliyeongeza 250%. Programu ile ile!

Sasa mnavyogombana Mjaluo na Mxhosa, mwanaume na mwanamke, tofauti ndani ya kundi moja ni kubwa hivyo. Inawezekana hata tukiwapima wote, bado mtu aliyesimama mbele yako utakuwa humjui.

#34 Mama_Kilosa
Hapana, hilo sikubali. Wale 585 wote wako chini ya 40. Umenionyesha tofauti za vijana kisha unaniambia makundi hayana maana. Mama wa 58 aliyekata siku zake bado hayumo kwenye hiyo 59% wala hiyo sifuri.

#35 Korido_ya_Tatu
Imeingia hiyo, mama.

#36 Dokta_Kijiweni
Mbona kuna ule mkubwa wa 2015 wa nguvu za kiganja, watu karibu 140,000, nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zimo? Kila kilo 5 za kubana zikipungua, hatari ya kufa inapanda 16%. Au na huu mtasema hatumo?

#37 Fundi_Viungo
Leo umeleta kitu Dokta. Huo ni wa kweli. Ila pale mtu alibana kifaa, akaandikwa, akafuatiliwa miaka. Unakwambia nani yuko hatarini, haukwambii umpe nini Jumatatu. Tafiti za "umpe nini" ndizo zimejaa vijana. Kupima mara moja ni rahisi, kumleta mtu mara 36 ni pesa.

#38 Dokta_Kijiweni
"Leo umeleta kitu." Nimepiga picha hiyo sentensi.

#39 Mpemba_Maskati
Na vyuo vyetu je? Dar es Salaam wana idara ya elimu ya viungo, Kenyatta wanayo, Moshi wanafundisha fiziotherapia. Tunangoja nani?

#40 Korido_ya_Tatu
Nilivyorudi niliandika pendekezo. Niliulizwa swali moja tu: "Hii inahusiana na ugonjwa gani?" Malaria ina mfadhili, kichanga kina mfadhili. Skwati (kuchuchumaa na kusimama na uzito) haina mfadhili. Nikaambiwa nibadilishe kichwa cha habari kiwe cha sukari. Nimebadilisha, bado nasubiri.

#41 Mama_Kilosa
Ndiyo maana nasema ni pesa.

#42 Bi_Mizani
Na mimi nasema hata pesa ikija watachukua wavulana wa mwaka wa pili. Mtaniambia.

#43 Mzee_Pangani
Na mimi nasema watu warudishiwe majibu yao kwanza.

#44 ZegeLaKopo
Wakuu, nimesoma yote. Nimeanza daftari, kila mteja ukurasa wake: umri, kazi, anakula nini, uzito aliobeba, mara ngapi kanyanyuka kitini. Mzee mstaafu wiki ya saba kanyanyuka mara nne bila kushika mkono. Mama wa sukari anafanya seti 2 tu, ya tatu inamletea kizunguzungu, nikaikata, na bado anapanda. Wale wa Feri nimewapa mazoezi ya kuvuta tu, miguu nimewaachia beseni.

Ila nimekuja na aibu moja. Korido alinishauri kwa ujumbe wa pembeni nihakikishe uzito wenyewe kabla sijaandika. Nikaazima mizani ya muuza mchele. Kopo lililoandikwa 10 lina kilo 8.4. Pacha wake lina 9.7. Nimewabebesha watu mkono mmoja mzito miaka minne.

#45 Korido_ya_Tatu
Hahaha. Karibu kwenye sayansi.

#46 Kipara_Ngoto
Ndiyo maana nina bega moja juu!

#47 BaunsaMstaafu
Subiri kwanza. Mimi nilikuwa hapo uani kwako wakati unafungua. Lile bomba la benchi lililoandikwa 100, nililobeba mara tatu watu wakashangilia?

#48 ZegeLaKopo
Bado lipo mkuu. Mizani narudisha kesho asubuhi. Nilipime?

#49 BaunsaMstaafu
Rudisha mizani ya watu.